Mlango wa Jikoni: James Reese Europe na Kazi ya Kuongoza Bendi

Hotuba kwa wanamuziki wa dansi na taarabu, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mliotutangulia jukwaani, dada zangu na kaka zangu, na nyinyi vijana mlioacha mazoezi kuja kumsikiliza mzee: shikamooni wakubwa, na marahaba wadogo, hata kabla hamjaniamkia.

Nimepewa dakika 40. Aliyenipa hawajui wapiga besi. Sisi kazi yetu ni kusimama nyuma ya mwimbaji, na watu hukumbuka kwamba tupo siku tukikosea. Basi nikikosea leo, mjue nimezoea.

Naanza na harusi moja. Mwaka wangu wa kwanza katika bendi tuliitwa kupiga kwenye hoteli kubwa, jina lake nalihifadhi. Tumefika na vyombo, mlinzi akatuambia wanamuziki wanapita nyuma. Nyuma ni jikoni. Tukapita katikati ya masufuria, ampu begani, mpishi anafoka tusije tukamwaga mchuzi wake. Saa sita usiku tukaletewa chakula, tukala tumesimama kwenye chumba cha kufulia mashuka. Pilau lenyewe lilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Malipo tulikuja kuyapata baada ya wiki tatu, tena pungufu, na kiongozi wetu hakuwa na hata kipande cha karatasi cha kumwonyesha mtu.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za Mmarekani mmoja mweusi aliyeuona mlango huohuo wa jikoni, New York, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na akaamua kwamba kuufunga ni sehemu ya kazi ya kiongozi wa bendi, sawasawa na kuhesabu moja, mbili, tatu, nne. Jina lake James Reese Europe. Ndiyo, Europe. Mtu mweusi wa Alabama, anaitwa Ulaya. Wenzake walimwita Jim.

Alizaliwa Mobile, Alabama, mji wa bandari kusini kabisa mwa Marekani, miaka kumi na kitu tu baada ya utumwa kukomeshwa. Alipokuwa bado mtoto familia ikahamia Washington, na huko bahati ikamkuta. Mtaani kwao aliishi John Philip Sousa, kiongozi wa bendi ya wanamaji wa Marekani, yule aliyetunga zile machi ambazo mpaka leo bendi za jeshi dunia nzima zinazipiga. Msaidizi wa bendi hiyo, Enrico Hurlei, akamfundisha kijana Jim fidla. Nyumbani nako muziki ulikuwa umejaa: dada yake Mary na kaka yake John wote walikuwa wapiga piano. Kwa hiyo huyu hakuokotwa njiani na gitaa la kuazima. Alisoma noti tangu utotoni, na alilelewa karibu na bendi ya jeshi, mahali ambapo mtu akichelewa mazoezi anaadhibiwa. Lishikeni hilo la bendi ya jeshi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 akaenda New York na fidla yake. Fidla haikumpa ugali. Ikabidi ashike piano na mandolini, kwa sababu ndivyo vilivyotakiwa kwenye baa na sherehe. Halafu akapata kazi ya kuongoza muziki katika michezo ya jukwaani iliyotungwa na kuchezwa na watu weusi: The Shoo-Fly Regiment, The Red Moon, Mr. Lode of Koal. Hapo alijifunza kuandika nyimbo, kupanga sauti za vyombo, na kuwatuliza waimbaji wanaogombea nani aingie wa mwisho. Nyinyi mlio na waimbaji watatu kwenye bendi moja mnajua hii ya mwisho ndiyo elimu ya juu.

Sasa tazameni maisha ya mpiga muziki mweusi New York wakati ule. Chama cha wanamuziki cha mji kwa kawaida hakikuwapokea watu weusi. Matajiri walipenda muziki wao, ragtaimu, ule muziki wa piano wenye mapigo ya kurukaruka, ulikuwa umewapanda kichwani, lakini namna ya kumpata mpigaji ilikuwa kumtuma mtu kwenye baa fulani akawachukue waliopo. Mwanamuziki alishinda baani akisubiri. Akiitwa, huenda akatakiwa kwanza abebe sinia za chakula kama mhudumu, kisha avue aproni ashike banjo. Mshahara haukujulikana; mwenye nyumba akifurahi anatupa chochote, na usipotupiwa hakuna wa kumwuliza.

Mwaka 1910 Europe na wenzake wakaanzisha Clef Club. Clef ni ile alama inayoandikwa mwanzoni mwa mistari ya noti kuonyesha sauti zinaanzia wapi. Wakapata jengo barabara ya 53 upande wa magharibi, na ndani wakaweka kitu kilichobadilisha mambo kuliko fidla zote za mji: simu. Ukitaka wanamuziki watano wa Jumamosi unapiga simu, unaambiwa bei, unaandikiwa mkataba. Mshahara umetajwa, nauli imetajwa, chakula na mahali pa kulala vimetajwa. Watakuja wamevaa vizuri, watafika kwa wakati, na sinia hawabebi.

Na mtaona ujanja wake. Chama kile kilikuwa wakala, kilikuwa chama cha wafanyakazi, kilikuwa pia mahali pa kukutana, vyote chini ya paa moja. Baada ya muda mfupi, kwa sherehe ya kitajiri New York, kuwa na wapigaji wa Clef Club ikawa ndiyo fasheni, na mwenye nyumba asiyekuwa nao akaonekana wa kijijini. Bei ikapanda yenyewe. Hakuna aliyegoma, hakuna aliyeandamana.

Kuna jambo hapa linalonikera, nami nitalisema. Eubie Blake, mpiga piano aliyefanya naye kazi, alisimulia kwamba wapigaji wale walikuwa wasomaji wazuri wa noti, lakini kwenye nyumba za wazungu hawakuweka karatasi mbele yao. Walikariri nyimbo zote mpya nyumbani. Mgeni akiomba wimbo uliotoka jana, walijifanya wanaufikiria kidogo, kisha wanaupiga wote, na wageni wanashangilia: tazama watu hawa, muziki umo katika damu! Wenye karamu hawakutaka kuamini kwamba mtu mweusi amekesha akijifunza. Walitaka kuamini kwamba amezaliwa hivyo. Europe aliwauzia walichotaka kununua. Mimi ningefanya hivyo? Nilikuwa na watoto wanne wa kusomesha. Nadhani ningefanya.

Lakini aliwaonyesha pia upande wa pili. Tarehe 2 Mei 1912, Clef Club walipanda jukwaa la Carnegie Hall, ukumbi mkubwa wa muziki New York, kuchangia shule ya muziki ya watoto weusi. Wanamuziki kama 125 kwa mpigo. Piano 10. Kumi, sikukosea. Na mbele ya piano hizo msitu wa mandolini, banjo na magitaa.

Watu wa taarabu mtamwelewa kuliko sisi wa dansi, kwa sababu nyinyi mnajua fidla na ala za kudonolewa zikikaa pamoja zinatoa kitu gani. Alipoulizwa kuhusu okestra yake hiyo ya ajabu, Europe alieleza kwamba penye fidla za pili yeye ameweka mandolini na banjo, maana huo mcharazo wa nyuzi ndio unaobeba muziki wa watu wake. Penye obo akaweka klarineti mbili, penye basuni akaweka tromboni. Hakuwa anajaribu kuiga okestra ya Ujerumani kisha ashindwe nusu njia. Alichukua vyombo ambavyo watu wake walivipiga kweli mitaani, akavipa nidhamu ya okestra. Na mazoezi ya pamoja yalimsumbua kama yanavyowasumbua nyinyi, kwa sababu kila siku nusu ya wapigaji walikuwa kazini.

Usiku ule kulikuwa na wimbo wa Will Marion Cook, Swing Along. Cook alikuwa mtunzi mkali, mwenye kiburi cha haki, na kabla ya onyesho aliogopa kwamba jambo zima litawaaibisha watu weusi mbele ya mji. Akakubali kukaa kimya tu katikati ya wapiga fidla. Kwaya ikaimba, ukumbi ukalipuka, wakataka urudiwe. Walipomwinua mtunzi asalimie, machozi yalimzuia kusema.

Mwishoni mwa 1913 Europe akatoka Clef Club. Walikorofishana, vyama vya wanamuziki hamnihadithii mimi. Akaanzisha kingine, Tempo Club, na mwaka huohuo ndipo alipokutana na watu waliompeleka mbali zaidi: Vernon na Irene Castle, mume na mke, wazungu, wachezaji dansi waliokuwa wamewatia wazimu matajiri wa Marekani. Kila mwanamke alitaka kukata nywele kama Irene. Nao Castle wakasema hawachezi bila bendi ya Europe.

Mwaka 1914 walizunguka naye kwa treni miji zaidi ya 30 kwa muda wa kama mwezi mmoja. Fikirini hali ya Marekani ya wakati ule, kisha fikirini kundi la watu weusi waliovaa suti za usiku wakiwa ndio bendi, na watu weupe kwenye kila ukumbi wanajifunza kutembea upya kwa kufuata mapigo yao.

Hapo ndipo foksitroti ilipozaliwa. Castle walipenda mwendo wa mbio. Dunia yote ilikuwa inakimbia wakati ule. Katikati ya dansi moja na nyingine, wao wakipumua, Europe alikuwa anapiga taratibu kwenye piano wimbo wa W. C. Handy, Memphis Blues. Akawaambia, mbona hamtungi dansi ya mwendo huu? Vernon alisitasita, alidhani watu hawataki kitu cha polepole. Wakajaribu. Kufikia mwisho wa mwaka Marekani nzima ilikuwa inacheza foksitroti, na miaka si mingi baadaye babu zetu na bibi zetu wakaicheza hapa Dar es Salaam, kwenye klabu za dansi, wamevaa tai na magauni, bila kujua kwamba hatua ile imetoka kwa mtu mweusi aliyekuwa anajipigia piano wakati wa mapumziko. Mwendo wa kucheza ni uamuzi wa kiongozi, jamani. Ukimpa mchezaji nafasi ya kupumua, atakaa ukumbini mpaka asubuhi, na mwenye baa atakuita tena.

Tarehe 29 Desemba 1913 aliingia studio ya Victor, kampuni kubwa ya santuri kuliko zote Marekani wakati huo, na okestra yake ya watu weusi. Hilo lilikuwa bado halijazoeleka kabisa. Alirudi tena Februari 1914. Lebo za santuri ziliandikwa Europe's Society Orchestra, na baadhi ya vibao vilikuwa vya kwake mwenyewe. Nimewaletea kimoja. Kitakuja mwishoni, msiniharakishe.

Mwaka 1916 mtu huyu, mwenye bendi kadhaa zinazopiga kwa jina lake kwenye kumbi tofauti usiku mmoja, mwenye kipato, mwenye jina, akajiandikisha jeshini. Kikosi kipya cha watu weusi wa New York, cha 15. Wenzake wakashangaa. Alimweleza rafiki yake Noble Sissle, mwimbaji, kwamba Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, haijawahi kuwa na kitu kinachowakusanya wanaume wake wote, na kikosi hiki kinaweza kuwa hicho. Mnaona? Bado anaunda vyama.

Kamanda wake, Kanali William Hayward, akamtaka aunde bendi bora kuliko zote katika jeshi. Europe hakuruka kwa furaha. Alisema bendi nzuri ni pesa, wapigaji wazuri hawaachi kazi zao kwa mshahara wa askari. Kanali akaenda kuhangaika kwa matajiri akarudi na dola 10,000. Kisha, kwa kuwa wapiga klarineti wa kiwango alichotaka hawakutosha New York, Europe akapanda meli kwenda Puerto Rico kuwatafuta huko. Miongoni mwa waliojiunga kutoka kisiwani alikuwemo kijana mpiga tromboni, Rafael Hernández. Baadaye huyo akawa mtunzi mkubwa kabisa wa Puerto Rico. Yule wa El Cumbanchero. Wazee mliopiga miziki ya Kilatini miaka ile mnacheka, mnaujua.

Kabla ya kuvuka bahari kwenda kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia walipelekwa mafunzoni Spartanburg, South Carolina, kusini, ambako mtu mweusi mwenye sare alikuwa kama matusi kwa baadhi ya wenyeji. Siku moja Europe alimwomba Sissle aingie kwenye hoteli moja amnunulie magazeti. Mwenye hoteli akampiga kofia ikaanguka, na alipoinama kuiokota akampiga mateke. Walikuwemo askari wengi, weusi nje na weupe ndani, wa kutoka New York, na wote damu ikawachemka. Walitaka kuibomoa hoteli ile. Akaingia Europe. Mtu mkubwa, mrefu, na miwani yake. Akatoa amri: mkao wa heshima! Akawaambia wachukue kofia zao watoke wawili wawili, kimya. Wakatoka. Ndipo akamgeukia mwenye hoteli akamwuliza taratibu ni nini kimetokea.

Nimelisoma tukio hilo mara nyingi. Kuna wanaosema alipaswa kuiacha hoteli ibomolewe. Sijui wangapi kati ya askari wale wangeona jua la kesho yake. Mtu aliyezoea kuwanyamazisha wapiga banjo 50 kwa kunyanyua mkono aliweza kuunyamazisha ukumbi ule, na ninaamini alijifunza kwenye jukwaa.

Walitua Brest, Ufaransa, siku ya mwaka mpya wa 1918. Bendi ikashuka, ikapiga wimbo wa taifa wa Ufaransa. Wenyeji wakabaki wanatazama tu. Wimbo wao wenyewe, hawakuutambua! Mpaka zilipopita mistari kadhaa ndipo wakashtuka, askari wakapiga saluti. Europe alikuwa ameushonea mapigo ya kwao.

Wakatumwa kwenye miji ya mapumziko ya askari, Aix-les-Bains na kwingine, na kila walipopita walikusanya umati. Lakini Europe hakuwa mwanamuziki wa kikosi tu. Alikuwa luteni wa kikosi cha bunduki za rashasha. Jeshi la Marekani halikutaka kuwapanga askari hawa bega kwa bega na weupe, likawatoa kwa Wafaransa, na kikosi, sasa kikiitwa cha 369, kikakaa mstari wa mbele siku 191. Europe aliingia kwenye mahandaki akiwa ofisa anayeongoza watu. Mwezi Juni 1918 gesi ya sumu ikampata. Akiwa kitandani hospitali, mapafu yanamuuma, Sissle akaenda kumwona akamkuta na daftari: anatunga wimbo kuhusu doria ya usiku kati ya mahandaki ya pande mbili, na mizinga yote ameipangia sauti. On Patrol in No Man's Land. Ngoma ndiyo inayopiga risasi humo.

Wakati huohuo, ndugu zangu, babu zetu walikuwa wanabeba mizigo ya vita hiyohiyo hapa. Kariakoo yetu hii jina lake linatoka kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Na beni, ngoma ya pwani yenye tarumbeta, sare na vyeo vya jeshi, na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ilienea bara kwa miguu ya askari na wapagazi wa vita ile. Hawakujuana na akina Europe. Kila upande ulichukua bendi ya jeshi la mzungu ukaigeuza ngoma ya kuchezea.

Mwezi Agosti wakaenda Paris kwa onyesho moja katika Théâtre des Champs-Élysées. Onyesho moja likawa wiki nane. Na huko Europe alisimulia kisa ninachokipenda kuliko vyote. Kiongozi wa bendi moja mashuhuri ya Kifaransa alivutiwa na kipande kimoja, akaomba noti zake. Akapewa. Siku ya pili akarudi amekunja uso: bendi yangu imepiga kila noti iliyoandikwa, na haitoki kama yenu. Europe akaenda kuwasikiliza, akakubali kwamba kweli haitoki. Wafaransa wakashuku vyombo vya Wamarekani vimechezewa ndani, wakavichunguza. Vyombo vya kawaida. Europe alieleza kwamba wapigaji wake hubana midomo kwa namna yao, huukatisha upepo kwa ulimi, hutia mkazo mahali ambapo karatasi haikusema, na yeye mwenyewe kazi yake kubwa mazoezini ilikuwa kuwazuia wasipambe kupita kiasi.

Wapiga solo mmesikia sentensi ya mwisho? Nitairudia kwa faida ya mmoja wenu aliyekaa safu ya tatu. Kuwazuia wasipambe kupita kiasi.

Tarehe 17 Februari 1919 kikosi kikarudi New York, kikaandamana Fifth Avenue mbele ya umati mkubwa. Sehemu zote za mji walizopita bendi ilipiga machi za kijeshi tu, watu wamepangwa safu nene kwa mtindo wa Kifaransa. Walipoingia Harlem, nyumbani, ndipo Europe alipowaachia: Here Comes My Daddy Now. Wake na mama wakavunja mistari.

Kuanzia Machi bendi ikaanza ziara ya nchi nzima na kurekodi santuri kwa kampuni ya Pathé, karibu nyimbo 24 kwa jumla. Magazeti yalimpa cheo cha mfalme wa jazi. Neno lenyewe lilikuwa bado bichi, na ni kwa kelele za miaka ile ndipo lilipoanza safari iliyolifikisha kwetu. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz: hakuna hata moja kati ya hizo iliyopiga jazi ya New York, lakini neno lilimaanisha bendi ya kisasa, yenye vyombo na sare, nasi tukalichukua likiwa na maana hiyo.

Tarehe 9 Mei 1919 walikuwa Boston, Mechanics Hall. Mvua, na Europe ana mafua. Katika bendi walikuwemo wapiga ngoma wawili waliotangazwa kama mapacha, Steven na Herbert Wright. Herbert alikuwa na tabia ya kuondoka jukwaani wakati wengine wanaonyesha. Kwenye mapumziko Europe akamwita chumbani kumkanya, mbele ya watu. Kijana akalalamika kwamba anaonewa, kwamba mwenzake anapendelewa. Maneno yakazidi. Wright akamrukia na kisu kidogo cha mfukoni, akamchoma shingoni.

Jeraha lilionekana dogo. Europe akamwambia Sissle aendeleze onyesho, na asisahau: kesho asubuhi bendi inatakiwa mbele ya jengo la serikali ya jimbo, wasichelewe. Kisha akapelekwa hospitali. Mshipa ulikuwa umekatika. Akafa usiku ule, hajatimiza miaka 40. Maneno ya mwisho aliyomwachia rafiki yake yalihusu ratiba.

Mji wa New York ukamzika kwa mazishi ya hadhara tarehe 13 Mei, heshima ambayo hakuna mtu mweusi aliyewahi kupewa katika mji ule, kisha akalazwa makaburi ya kijeshi ya Arlington. Miaka miwili baadaye Sissle na Eubie Blake walipeleka Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo za New York, mchezo wao, Shuffle Along, ukapigwa zaidi ya mara 500. Tempo Club na yale makubaliano ya nauli na malazi havikuwa na mtu wa kuvibeba kama alivyovibeba. Hili ni kosa lake, na mimi nalihesabu: alijenga kila kitu kikapita mkononi mwake. Simu ilikuwa moja na aliyeishika alikuwa yeye.

Huyo Herbert Wright alifungwa. Alipotoka akaishi Roxbury, Boston, mtu mkimya, anafundisha watoto ngoma. Mmoja wa watoto wa mtaani kwake aliyepata kwake masomo ya mwanzo aliitwa Roy Haynes. Wapiga dramu mnalijua jina hilo. Alikuja kupiga na Charlie Parker, na John Coltrane, na alikuwa bado anapiga akiwa mzee wa miaka 90. Sina la kuongeza hapo. Nimelikalisha hivyohivyo kwa miaka, na halikai.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Fundi mitambo, ile santuri, tafadhali. Castle House Rag, Februari 1914, ameitunga Europe mwenyewe. Mtaisikia inakwaruza, ilirekodiwa kwa kupigia kwenye pembe, hakukuwa na maikrofoni. Mwanzo ni ya heshima kabisa, ya kuchezea sebuleni kwa tajiri. Msidanganyike. Subirini robo ya mwisho, mpiga ngoma ni Buddy Gilmore, na Europe amemwachia kamba. Wale wa dramu sogeeni mbele. Haya, fundi.